Ndugu Mfaume na Salamu Zake Mbili

Tarehe 30 Juni 1977, Ndugu Mfaume Yahaya anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya macho hapa Tabora kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa Uhuru alikuwa tayari anapima wagonjwa, na fagio alikuwa bado hajamwachia mtu.

Tumezunguka naye kwa treni na kwa Landrova, Tura hadi Choma, amekumbatia ubao wa kupimia macho kama mtoto mchanga. Wazee wengine waliukariri ubao huo wakiwa kwenye foleni, wakajibu yote sawasawa huku wametazama ukuta. Mfaume aliwapongeza, kisha akaugeuza juu chini.

Sifa ya salamu mbili aliipata kijijini Choma, mwaka 1974. Mzee Ngollo, mfugaji, alikuwa amehamia kijiji cha ujamaa, na mwenyekiti kila akipita na baiskeli alimpungia mkono asijibiwe. Ikasemwa mzee ana kiburi, amekichukia kijiji, aitwe mkutanoni ajieleze. Mfaume akaomba yeye ampungie mzee kwanza. Kimya. Akamwamkia kwa sauti. Mzee akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, mpaka mwenyekiti akachoka kusimama. Alipopewa karatasi yenye mistari ya miraba alisema pembeni mistari ipo, ila katikati pameliwa na mchwa. Ni ugonjwa wa uzeeni: mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho huharibika, na mtu huona kila kitu isipokuwa kile anachokitazama. Mkutano ulifutwa, na mwenyekiti akajifunza kushuka kwenye baiskeli.

Tangu hapo kila mzee kwenye benchi letu husalimiwa mara mbili, kwa mkono kimya kimya, halafu kwa sauti. Daktari mmoja mgeni alitueleza kwamba kwao wanajaribu kupima mwendo wa damu jichoni kwa mawimbi ya sauti. Mfaume alifurahi mno, akasema basi hatujaachwa mbali.

Mwezi Machi nilimpungia mkono barazani, akanipita. Nilinuna siku mbili nzima, mimi Bernadeta, muuguzi wa macho kwa miaka kumi na moja! Siku ya tatu nikamwamkia kwa sauti. Akaitikia, akauliza kama mwanangu amepona surua. Hapo nikaelewa, nikalia.

Ameniruhusu niandike haya. Tangu mwaka jana alikuwa akijipima kila asubuhi kwa karatasi ileile ya miraba, akanyamaza, kwa kuhofia kuondolewa kabla hajamaliza kumfundisha msaidizi wetu mpya, Minza. Amemaliza wiki iliyopita. Sasa anakwenda Kwihara kulima karanga, ambazo anasema huvunwa kwa kupapasa.

Kwa hiyo leo ukumbini tukimuaga, asipungiwe mkono na mtu yeyote. Mwendee ubavuni, mtajie jina lako, kisha umwamkie. Ndugu Mfaume, asante kwa kila jicho. Maisha yako Kwihara yawe mema, na marahaba zetu tutazifuata hukohuko.