Mlikuja Kunipa Pole Nikiwa Mzima

Wanajumuiya, asanteni kwa kunikubalia nisimame. Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata harusi naipenda zaidi ikipita nje ya dirisha langu. Kwa hiyo msicheke nikiwaambia kwamba nyumba hiyohiyo ilikaribia kunimaliza.

Nilikuwa mtunza stoo wa mradi mmoja hapa Ngara. Mradi ulipofungwa nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, nina cheti cha kidato cha nne na kitambi. Nikaenda kuuza ndizi kwa madereva wa malori pale Lusahunga. Ndugu zangu, nawaambia, biashara si kazi yangu. Dereva akinikazia macho, nampa mkungu kwa bei yake ili aondoke. Na kulala mbali na kitanda changu kuliniumiza kuliko hasara.

Ndipo rafiki niliyefanya naye kazi zamani, sasa yuko Mwanza, akanipigia simu. Kampuni yao ilitafuta mtu wa kuangalia kompyuta wanazokodi. Zenyewe ziko nchi za watu, unaziendesha kwa intaneti ukiwa umekaa kwako. Wanaita wingu.

"Mimi sijui kompyuta," nikamwambia.

"Stooni ulijua nani ana ufunguo, nini kimeingia, nini kimetoka?"

"Si ndiyo ilikuwa kazi yangu?"

"Basi yaliyobaki jifunze. Ukifaulu mtihani wao nakuombea kazi, unafanyia hukohuko kijijini kwako Keza."

Hukohuko Keza! Nilikubali kabla hajamaliza. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Mawingu? Heri ungesomea mvua, maharage yanakauka."

Nikajifungia chumba cha nyuma. Masomo yote Kiingereza. Ukurasa mmoja ulinimalizia asubuhi nzima, na nikiurudia mchana ni kama sijawahi kuuona. Ningemwambia nani? Mtu mzima, watoto wake wako sekondari, anasoma upya na hashiki kitu? Ikawa jembe sishiki, sokoni siendi, misani nachelewa kuja na ni wa kwanza kuondoka. Nikitoka mtaniuliza, nikikaa ndani kifua kinabana. Nilijua migomba yote inayoonekana kwenye kale kadirisha, na niliionea wivu, maana yenyewe ilikuwa inazaa.

Nanyi mkaanza kuja. Keza mtu asipoonekana, ni mgonjwa. Huyu kaleta uji, yule mizizi ya kuchemsha, mwingine ananishauri nikapime sukari. Mkitoka mnanong'ona chini ya dirisha, "Amekonda." Sikukonda! Nilikuwa nakula chakula cha wagonjwa juu ya changu. Lakini kila nilivyojificha nisome, ndivyo mlivyozidi kuja.

Siku ya mtihani ikafika. Unaufanyia nyumbani, kamera ya kompyuta inakuangalia. Masharti: usiongee, na mtu asiingie. Mke wangu alikuwa shambani. Nilikuwa katikati, tena maswali nayaelewa, nikasikia, "Hodi!" Nikanyamaza. "Hodi humu ndani!" Jasho likanitoka. Alikuwa bibi mmoja wa jumuiya hii, simtaji, ila ameketi karibu na mlango na ameanza kujifunika kitenge usoni. Akasukuma mlango wa chumba.

"Mwanangu, bado uko hai?"

Ningefanya nini? Aliyemfundisha mama yangu katekisimu amesimama mbele yangu. Mdomo ulijisemea wenyewe, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Kompyuta ikaandika kwamba mtihani umefutwa. Bibi akaweka ndizi mbivu mezani, akaniombea, akaenda zake. Nikazila zile ndizi huku machozi yananitoka. Mwanza wakasema wananipa nafasi nyingine moja tu. Nikishindwa wanachukua mtu mwingine. Kwangu hiyo maana yake ilikuwa Lusahunga.

Mlipokutana kwangu kuniombea afya, nikashindwa kuvumilia. Mlikuwa mmeshapiga magoti. Nikasema, "Jamani, siumwi. Nasoma." Nikaeleza yote, hadi ile hodi.

"Kumbe mimi ndiye niliyekufelisha?" bibi akauliza.

"Ni shikamoo yangu, bibi."

"Ungeninyamazia ningekuchapa. Mtihani mwingine lini?"

Siku ya mtihani wa pili aliweka kigoda njiani, na ungo wa maharage ya kuchambua. Nikawa nasikia kila mgeni akiishia kwake. "Kuna msiba?" "Pita." "Namletea uji mgonjwa." "Weka hapa. Pita!" Hata katekista alirudishwa, atanisamehe. Nikamaliza maswali yote bila kumsalimia mtu. Nikafaulu, si kwa kishindo, nilipenya tu. Kazi nikapewa.

Sitawadanganya kwamba yameisha. Zile kompyuta za mbali zikigoma, kifua kinabana vilevile, na chumba ni kilekile. Tofauti ni kwamba sasa mnajua ninafanya nini humo. Funzo langu ni dogo: ukijifungia, mwambie mtu kwa nini. Ukificha, hata upendo wa majirani unageuka kufuli.

Namshukuru rafiki wa Mwanza, namshukuru bibi, nawashukuru wa uji. Nimejizuia kumtaja mtu, lakini mke wangu, simama. Msimu mzima alilima peke yake, mnampa pole ya mume mgonjwa, anaitikia "asante" na kuendelea kulima, na hakunianika hata siku moja. Simama wakuone, mama.

Hataki. Ananionyesha ngumi. Basi mpigieni makofi hivyohivyo akiwa amekaa.