Sura ya Mwalimu Courtadon

Ndugu waombolezaji, mimi Léontine, binti mkubwa, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na nitayasoma yote, hata yale ambayo mjomba ameniomba niyaruke.

Marehemu Évariste Garandeau alizaliwa tarehe 4 Machi 1821 hapa hapa Angers, mtoto wa tatu wa fundi wa matandiko ya farasi, akasoma kwa mapadri, na mwaka 1839 akaenda Paris kujifunza uchoraji kwa Mwalimu Anselme Courtadon, ambaye leo tunaye hapa kwenye kiti cha mbele, karibu sana, Mwalimu.

Tarehe 9 Juni 1846 alimwoa mama yetu, Mathurine, wakajaliwa mabinti wawili. Alichora maaskofu, watakatifu na vita, na mwaka 1850 akamaliza picha ya Arusi ya Kana, kazi ya miaka minne, mama akiwa ndiye bibi arusi, lakini Mwalimu, mwamuzi wa maonyesho, akaikataa, na mwaka uliofuata akatundika Arusi ya Kana yake mwenyewe, mitungi ile ile, bibi arusi yule yule aliyegeuza shingo, akavikwa nishani. Mama alifariki mwaka 1855 katika chumba cha baridi kisicho na kuni. Sijasamehe.

Mwaka 1858 Mwalimu, bila haya, alimwagiza baba amchore.

"Nichore nidumu karne tatu, Garandeau."

"Nitakupa unachostahili, Mwalimu."

Uso wote katika picha hiyo baba akaupaka lami, rangi ya kahawia inayong'aa kama asali ikiwa mbichi, ambayo wanafunzi wake aliwakataza hata kuigusa, kwa kuwa haikauki vizuri, na mwaka hadi mwaka huzidi kuwa nyeusi na kupasuka. Kwa hiyo, Mwalimu, usifukuze tena watumishi, si moshi wa jiko lako unaoitia picha yako weusi.

Baba aliugua mapafu tangu Novemba, akafariki Jumanne, tarehe 12 Februari 1878, saa nne asubuhi, baada ya kuniuliza kama ile picha bado imetundikwa.

Tunamshukuru Daktari Brossay, majirani waliotuletea supu na kuni, wachoraji wenzake waliobeba jeneza, na wewe Mwalimu, uliyekwisha kuiandikia wosia picha hiyo iende makumbusho ya mji, ambako wajukuu zetu watakuja kuutafuta uso wako. Aliyejua kuirekebisha ni mmoja tu, naye ndiye tunayemzika.

Pumzika, baba. Lami inaendelea na kazi.