Mwoka Mikate wa Manowari

Marehemu baharia wetu, ambaye mji huu wote ulimwita Taratibu, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe tisa Machi, katika chumba cha nyuma cha duka la kushonea la mama yake. Alikuwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa fundi cherehani huyo na marehemu mumewe, dereva wa lori. Uchungu ulianza Jumapili. Mkunga alikwenda kwake, akapika, akalala, akarudi, mtoto bado. Alipotoka hatimaye hakulia. Aliwatazama watu mmoja mmoja kama anayeuliza kuna haraka gani. Bibi yake akasema, "Huyu ni Taratibu." Jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza kidato cha nne. Mwalimu wake wa hesabu alizoea kusema kwamba Taratibu hutoa jibu wenzake wakiwa wamekwisha kulisahau swali, lakini jibu lenyewe halina kosa. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni maji. Wenzake walipokwenda kuogelea bwawani, yeye alibaki ukingoni akilinda mashati yao. Dada yake alimtania, "Wewe hata kwenye beseni unazama!" Hakukataa.

Baada ya shule aliajiriwa na mwoka mikate wa mtaa wa sokoni, mzee asiyesifu mtu bure. Mzee huyo alimfundisha kuugeuza mkate wa moto, kuugonga tumboni kwa kidole na kutega sikio. Ulioiva hulia kama ngoma, mbichi hunyamaza. "Usiuangalie sura," alimwambia. "Ugonge, utakujibu mwenyewe." Kwa miaka miwili mji huu ulikula mkate wa Taratibu, na hakuna aliyerudisha hata mmoja.

Vita vilipoanza, jeshi la majini likatangaza nafasi za wapishi. Alitoa habari hiyo nyumbani, watu wakiwa mezani. Shangazi yake, ambaye ulimi wake hauna breki na mwenyewe anajua, alicheka hadi akashika ukuta.

"Baharia wewe? Baharia wa karai! Maji ya kifuu, bahari ya chungu!"

Taratibu akatafuna, akameza, ndipo akajibu, "Shangazi, na mabaharia nao wanakula."

Mama yake hakucheka. Alimuuliza, "Na maji je, baba?"

"Nayaogopa, mama. Nitayaogopa huku nafanya kazi."

Akaenda, akavikwa sare, akapangiwa jiko la manowari. Kila alipopata nafasi ya kupiga simu aliuliza kwanza habari za watu wote, kisha habari za tanuri.

Marehemu alikuwa hajaoa. Alikuwa amemchumbia muuguzi wa zahanati yetu. Posa ilikuwa imekubaliwa, na harusi ilingoja likizo yake. Gauni lilikuwa limeshakatwa, limebaki kuungwa mikono.

Mahali hapa katika wasifu husomwa maradhi ya marehemu. Huyu hakuugua. Alikuwa mzima kama chuma siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti, adhuhuri, manowari yao ilipopigwa kombora ubavuni ikisindikiza meli za chakula. Taa zilizimika, moshi ukatanda, maji yakaanza kuingia chini. Manowari ina kanuni yake: sehemu inayoingia maji hufungwa kwa mlango wa chuma, ili chombo kisizame na watu wote. Serahangi, kiongozi wa mabaharia wa sitaha, alisimama kwenye mlango huo wa sakafuni kungoja amri.

Taratibu alishuka ngazi akiwa na upawa wa chuma wa jikoni. Hakuna aliyemtuma. Kule chini, gizani, aligonga ukuta, akatega sikio, akagonga tena. Palipojibu, alikwenda. Mafundi wa mitambo walionaswa aliwavuta, akawasukuma juu ngazini, mmoja baada ya mwingine, na maji yakiwa yamemfika kifuani. Bibi yake ameishi sana na ameona mengi, lakini hili likisimuliwa hukaa chini kwanza. Mlinda mashati!

Amri ikaja. Serahangi akapaza sauti, "Panda, Taratibu! Nafunga!"

"Kuna mmoja bado. Anagonga."

"Maji hayo, ndugu yangu!"

"Nayaona. Funga, serahangi. Huko juu mko wengi."

Serahangi akafunga. Manowari haikuzama. Ilijikokota hadi bandarini, na maji yalipotolewa kwa pampu, Taratibu alikutwa amembeba begani yule fundi wa mwisho, wote wawili wamekwisha kufa.

Serahangi ndiye aliyeleta jeneza juzi. Aliingia katika chumba cha kushonea, akakataa kuketi.

"Mama, utaambiwa mengi. Mlango niliufunga mimi. Kwa mkono huu."

Shangazi akaruka. "Na ukapata miguu ya kuja hapa kwetu!"

"Nimekuja, shangazi. Mkinifukuza nitasimama barabarani mpaka azikwe."

Chumba kizima kikamgeukia mama. Neno lake moja lingemtoa yule mtu nje, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Alisema funga?" mama akauliza.

"Alisema."

"Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida, mama. Kama mtu anayeomba chumvi."

Hapo mama akalia, kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Alipojifuta uso akasema, "Ndiye. Ndiye mwanangu kabisa. Basi alikutuma, nawe ukatumika. Aliyetumwa na mwanangu hasimami barabarani."

Shangazi ndiye aliyekwenda kuleta kiti.

Marehemu ameacha bibi, mama, dada na shemeji, shangazi, mchumba wake muuguzi, na mwoka mikate, ambaye leo amezima tanuri. Ameacha mafundi wa mitambo waliopanda ngazi ile, ambao wamesimama nasi hapa, kofia mkononi. Na ameacha kaka mkubwa, serahangi, ambaye mama ameagiza asomwe miongoni mwa watoto wake, na abebe jeneza upande wa kichwa.

Mungu akupokee, Taratibu, akulaze penye amani.