Mwalimu Rozalia na Magunia Tisa

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Amedeus Maiko, mdogo wake marehemu. Karatasi hii mliyoshika nimeiandika mwenyewe, na niliomba ichapwe kama ilivyo, bila mtu kuipunguza. Kuna jambo la mwaka 2008 ambalo baadhi yenu wa Magamba mmekuja nalo moyoni hadi hapa kaburini. Nitalifikia, kwa sababu jina la dada yangu limekaa ndani yake.

Marehemu Mwalimu Rozalia Maiko Kasalama alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1964, Usevya, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Maiko Kasalama na Mama Pelagia, wakulima wa mpunga na mahindi. Alibatizwa akiwa na wiki tatu. Alikuwa mtoto wa maswali, na majibu mengine aliyapata kwa kuniumiza mimi. Mama akitutuma maji, tulibeba ndoo moja katikati ya mti, yeye mbele, mimi nyuma, na kila mara nilifika nyumbani bega linawaka. Nilipokuwa mtu mzima nilipita darasani kwake nikamsikia akiwaeleza watoto kwamba aliye karibu na mzigo ndiye anayeumia zaidi. Nikasimama dirishani nikamuuliza kama ndoo alikuwa anaisogeza kwangu makusudi. Akasema, "Nilikuwa nafanya jaribio," na darasa zima likacheka.

Alisoma shule ya msingi Usevya kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Kati ya wasichana wa darasa lake, yeye peke yake alichaguliwa kwenda sekondari, akasoma Tabora hadi 1983. Baba aliuza ng'ombe mmoja ili aende, na walioona ng'ombe amepotea bure waliambiwa wasubiri. Mwaka 1984 aliingia chuo cha ualimu Sumbawanga, akahitimu 1986, na mwezi Septemba mwaka huo akaripoti Shule ya Msingi Lwegele hapa Magamba. Hakuhama tena. Alifundisha shule hiyo hiyo miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu Agosti 2024.

Somo lake lilikuwa Sayansi, darasa la sita na la saba. Mwendo, kani, mashine rahisi: hapo ndipo alipokuwa bingwa, na ninasema hivyo bila kutafuta ushahidi, kwa sababu ushahidi, yaani ninyi mliosoma kwake, umesimama hapa makaburini na watoto mgongoni. Hakuamini mtoto ameelewa kitu mpaka mikono yake ielewe. Msuguano aliufundisha kwa kuvuta tofali kwenye mchanga, kisha kwenye sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Nyenzo alizifundisha kwa mtaimbo na lile jiwe kubwa lililokuwa mbele ya ofisi ya walimu. Walimu wakuu watatu walilikuta jiwe lile na kuliacha pale pale. Darasa la sita la mwaka 1995 waliling'oa kwa vipindi viwili, na waliosukuma mwisho wa mtaimbo walikuwa wasichana wadogo kuliko wote darasani. Mwalimu mkuu alipotoka akakuta shimo, aliuliza nani ameruhusu. Rozalia akamjibu, "Egemeo."

Alifunga ndoa takatifu Mpanda mjini, Jumamosi tarehe 8 Septemba 1990, na Bwana Séverin Ndayizeye, fundi baiskeli wa Katumba. Nyumbani kwetu kulikuwa na minong'ono. Wazee waliuliza binti wa Kipimbwe mwenye cheti anamwendeaje kijana aliyevuka na wazazi wake kutoka Burundi na asiye na shamba. Rozalia alimwambia baba kwamba ni mwanamume wa kwanza aliyemkuta anayejua kwa nini mnyororo wa baiskeli uko pale ulipo. Baba hakuelewa, lakini aliogopa kuuliza zaidi. Shemeji Séverin ameishi naye kwa heshima miaka thelathini na mitano, na minong'ono ile imeshakufa pamoja na waliokuwa wakinong'ona.

Sasa niseme ya mwaka 2008.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 29 Mei, Fuso niliyoikodi ilikuwa imesimama jirani na shule, na magunia yangu tisa ya mpunga yalikuwa chini. Wapakiaji wangu walikuwa wamekwenda msibani Majengo. Nilimfuata dada yangu nikamwambia, "Dada, nipatie watoto dakika ishirini tu." Alikataa. Nikamkumbusha kwamba wiki ile alikuwa anafundisha mwinamo, jinsi ubao ulioegemezwa unavyorahisisha kupandisha mzigo. Nilijua pa kumshika. Mwisho alisema, "Nitawafundisha. Sikupakilii." Akatoka na darasa la sita, mbao mbili na daftari. Ubao mfupi uliwashinda watoto sita. Ubao mrefu, wanne walipandisha gunia wakicheka, na akawauliza kwa nini, na wakajua. Lilikuwa somo zuri sana. Lilipokwisha, magunia yangu yote yalikuwa juu ya gari.

Kila mzazi wa huku anajua kuna walimu waliowahi kuwapeleka watoto kulima mashamba yao na kuita kazi hiyo elimu ya kujitegemea. Kwa hiyo Vénérande, mmoja wa watoto wale wa darasa la sita, aliporudi nyumbani anajikuna vumbi la mpunga mwili mzima, na baba yake, Mzee Polycarpe, alipomuuliza alikuwa wapi, mtoto alijibu alivyoona yeye: "Tulikuwa tunapakia mpunga wa mwalimu."

Jumatatu, tarehe 2 Juni, kikao cha wazazi kiliitwa. Mzee Polycarpe alisimama, na maneno yake ninayakumbuka yote. "Mwalimu, mimi nimebeba magunia ya watu tangu nina miaka kumi. Huyu mtoto sikumleta hapa abebe. Nyie mkitaka wabebaji, semeni, nitakuja mimi." Kisha akauliza swali moja tu: magunia ni ya nani?

Mimi nilikuwa nimekaa meza ya mbele, mjumbe wa kamati ya shule. Rozalia alinitazama. Alinipa muda wa kutosha kusimama. Nikainamia karatasi zangu. Akawageukia wazazi akasema, "Ni ya kwangu. Somo lilikuwa la watoto, magunia yalikuwa ya kwangu. Nimekosea kuvichanganya, na nawaomba radhi."

Alipewa barua ya onyo. Jina lake, lililokuwa limeshapendekezwa kwa ualimu mkuu, liliondolewa na halikurudi tena. Mimi niliendelea na ujumbe wangu wa kamati miaka miwili zaidi, na mpunga ule niliuuza vizuri.

Mzee Polycarpe alimwondoa Vénérande shule. Kila Jumamosi Rozalia alikwenda kwa miguu hadi kwake kumwomba amrudishe. Alipewa kiti, alipewa maji, hakupewa jibu. Basi alikaa uani akamfundisha mtoto pale pale, kwa mchi, kamba na ndoo ya kisima, baba akiwa kibarazani amegeuka upande. Jumamosi ya tisa mzee aliuliza, "Mwalimu, hili somo lako halina mwisho?" Akajibiwa kwamba mwisho upo, ila uko shuleni. Jumatatu Vénérande akarudi. Leo ni fundi wa mashine za kukoboa, ana karakana yake Shanwe, na kwa miaka yote ameamini kwamba mwalimu wake alikosa siku moja kwa tamaa ya mpunga. Alimpenda hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dada yangu alianza kuumwa kisukari mwaka 2016. Aprili mwaka huu figo zilichoka, akalazwa mara tatu hapa Mpanda. Ugonjwa haukumnyamazisha. Alipopandishwa wodini kwa kiti cha magurudumu alimuuliza muuguzi njia ile ya mteremko ina hatua ngapi, na akamwambia kwamba aliyeijenga alifanya haraka. Mwezi Julai nilikaa naye kitandani, akaniambia, "Amedeus, umekaa na yale magunia miaka kumi na saba. Hujachoka?" Nikasema nimechoka. Akasema, "Basi mwambie Polycarpe, nami nikiwa hai." Nilimwahidi. Nilikwenda kwa mzee mara mbili na sukari mkononi. Tuliongea habari za mvua, tukaongea bei ya mbolea, nikaaga.

Mwalimu Rozalia alifariki dunia Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 61. Sikuwa nimetimiza ahadi.

Ameacha mume, Séverin, watoto watatu, Spès, Didace na Jeniffer, wajukuu watano, mama yetu Pelagia, mwenye miaka themanini na tisa, ndugu wanne, na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, jumuiya ndogondogo iliyokesha nasi, na vijana waliochimba kaburi hili tangu jana.

Mzee Polycarpe, nakuona umesimama pale na binti yako. Magunia yalikuwa tisa, na yote yalikuwa ya Amedeus Maiko. Dada yangu hakuwa na hata punje moja mle ndani. Aliyewafanya watoto wenu wabebaji ni mimi, na aliyenyamaza kikaoni ni mimi. Nawaomba radhi mbele ya jeneza lake, nikijua mlipaswa kusikia haya yeye akiwa amekaa hapa katikati yetu.

Dada, nimeshasema. Pumzika kwa amani.