Begani kwa Kaluki

Mchungaji, majirani, na nyote mliofika hapa Kanyangi, mimi ni Ndeti, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mzee Musembi Kivuva alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 hapa Kanyangi, kifungua mimba wa Mzee Kivuva na Mama Ndululu, akasoma papa hapa hadi mwaka 1953, akajifunza useremala mjini Kitui, na tangu 1961 akapamba kuta za watu kwa mbao, kutoka Mutomo hadi Kiboko, na aliyemshinda sijamwona.

Kanuni yake mnaijua, maana aliihubiri kuliko mchungaji: chumba cha kulia, mbao zipite kidogo migongo ya viti, dari likiwa chini nazo zishuke, na sebuleni zikome begani kwa mwenye nyumba akiwa ameketi, ajiegemeze bila kuguswa na baridi ya ukuta.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa na Kaluki, ambaye kimo chake kifupi nyote mnakiona, wakajaliwa Mutindi na Kisilu. Alipojenga nyumba hii mwaka 1972, alimketisha mkewe kitini, akapiga alama begani kwake, na mbao za sebule zikakoma hapo, chini mno kwa jitu refu kama kaka yangu. Wateja waliokuja kuona kazi yake walicheka, wengine wakatafuta fundi mwingine, na mwaka 1990, wakwe wa Mutindi walipokuwa njiani, sisi ndugu tulimbana aziinue asituaibishe, naye akanijibu, “Wee Ndeti, mwenye nyumba ni yule anakaa ndani. Mimi napita tu.” Wakwe walikuja, wakala, wakashiba, na hakuna aliyeuliza habari za mbao.

Aliugua kisukari tangu 1993, akalazwa Mutomo tarehe 2 Juni 1996, akatutoka tarehe 19.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na kuni, na mafundi wenzake mliotengeneza jeneza, mkajitolea pia kuziinua mbao za sebule kwa heshima yake. Nilitaka kukubali. Lakini jana nilimkuta Kaluki ameketi peke yake, bega lake limetulia juu ya ule ubao kama siku ile ulipopigwa alama, nikawaambia mafundi warudishe misumari yao.

Kaka, hazitaguswa. Pumzika kwa amani.