Aliyeonyesha Nyumba

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili yanayotazamana kando ya barabara kuu ya Msambweni, mbele ya duka la mabati na misumari. Katikati hukaa Alamin na dele lake la kahawa chungu. Watu humwita Redio, kwa kuwa habari za mtaa humfikia kabla hazijawafikia wenyewe. Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mbao zimelowa, na hata wenye mizaha yao walikuwa wameinamia vikombe. Tsuma, mchoraji wa mabango ya maduka, ambaye hapo kijiweni ni Brashi, alikuja akaketi mwisho wa benchi. Akapewa kahawa, akaishika tu. Jana yake shule ya msingi ilikuwa imevikusanya vitabu vyake vyote na kuvifungia stoo.

Kilikuwa kitabu cha historia cha michoro mitupu, maneno machache ndani ya vipovu. Mwalimu Mercy ndiye aliyemwomba: watoto wanalala kwenye somo la historia, wachoree basi. Tsuma akachora mwaka mzima habari ya Kidzumbani, kijiji kilichochomwa na serikali ya mkoloni ili ipandwe miwa. Watoto walikigombania kitabu hadi kurasa zikachanika. Kisha siku moja, kwenye ukurasa ambapo mwenyeji mmoja anawaonyesha askari kwa kidole nyumba za kuchomwa, Hasina wa darasa la sita akasema kwa sauti, "Huyu ni babu yangu." Tangu hapo wenzake wakampa jina: Kidole. Wiki ya pili sasa hajakanyaga shule.

— Lakini na wewe Brashi umezidi, alisema Redio. Umemtia hata lile jicho lake la kulala.

— Mlinambia ni yeye.

— Kukwambia ni kukwambia. Jicho la nini?

— Ningemtia nini, yakhe? Mwalimu akisimulia kwa mdomo, atasema "mtu mmoja", basi, amepita. Mimi siwezi kuchora "mtu mmoja". Lazima awe na pua, awe na macho. Nikawauliza papa hapa, huyo aliyeonyesha nyumba ni nani? Mkasema Mzee Mbwana. Nyote.

Hakuna aliyekana. Mwinga, aliyewahi kugombea uwakilishi wa wadi akaangushwa, na ambaye jina la Mheshimiwa limemganda hata hivyo, alikohoa.

— Mimi hapa naona siasa. Ile familia ina kura nyingi. Kuna mtu ametaka kuichafua mapema.

— Kwa kitabu cha watoto?

— Ndiko kunakoanziwa! Mtoto akisoma leo, kesho kutwa ni mpiga kura.

Samuel, fundi wa simu aliyetoka bara miaka mingi lakini ulimi wake ukabaki huko, alitikisa kichwa.

— Manze, hiyo si siasa. Ni mashamba. Hawa mabwenyenye wa hoteli wanataka sisi tushikane mashati juu ya nani alisaliti nani, wakati wao wanachukua title za mashamba. Nani alilipia kuchapisha?

— Wazazi walichanga, alisema Tsuma.

— Ndiyo, lakini nani aliwaambia wachange?

Redio alimimina kahawa, akashusha sauti kana kwamba marehemu Mbwana yu nyuma ya duka.

— Nyinyi hamumjui Mbwana. Mtu yule alikuwa na lake. Wallahi, mkono wa Brashi haukwenda wenyewe. Mzee mwenyewe ndiye aliyeushika. Alichoka kubeba, akataka itoke.

— Astaghfirullah, Redio.

— Nambie basi, Brashi. Ulipomchora, mkono haukuwa mwepesi?

Tsuma alikizungusha kikombe mkononi. Ulikuwa mwepesi, naam. Sura nyingine zote zilimtoa jasho, hii ikaja mara moja. Lakini yeye alijua ilikotoka. Utotoni alikuwa akimwona Mzee Mbwana akipita hapa kwenda msikitini, na kila alipopita, mazungumzo yalikatika. Watu walimwamkia vizuri, wakangoja afike mbali. Mtoto hasahau uso wa mtu anayenyamaziwa. Kwa Tsuma kimya kile kilikuwa ushahidi wa kutosha.

— Yuaja, alisema Mwinga ghafla.

Alikuwa Twaiba, mama yake Hasina, kitindamimba wa marehemu. Alivuka barabara na buibui lake limelowa pindoni, mkononi ana kitabu kimoja ambacho shule haikukipata. Tsuma aliweka kikombe chini. Alijiandaa kwa matusi, matusi angeyaweza.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu kwa pamoja. Redio akampisha kiti, hakukaa.

— Sikuja kugombana, alisema Twaiba. Baba hakupata kunieleza habari za Kidzumbani hata siku moja. Nilikuwa nikimuuliza, anainuka anakwenda zake. Kwa hiyo mimi sijui. Pengine ni kweli. Kama ni kweli nataka niijue, nimweleze mtoto wangu niyamalize. Kama si kweli, pia nataka kujua.

Akamtazama Tsuma, kisha mmoja mmoja.

— Nani alimwona?

Mwinga alifungua kinywa. Alikuwa amesikia kwa baba yake, na babake alisikia kijiweni. Samuel aliangalia viatu vyake. Redio, ambaye hajawahi kukosa neno, alianza kufuta vikombe vilivyokwisha futwa.

Twaiba alikifungua kitabu, akakiweka mapajani mwa Tsuma, kwenye ukurasa ule. Tsuma aliutazama kama mtu aliyepewa kazi ya mwingine aikague. Askari aliwachora kofia zimewafunika hadi mdomoni. Mzungu alikuwa kivuli juu ya farasi. Wanakijiji wote waligeuza migongo, wamejitwika magodoro. Moshi ulijaa pembe zote nne. Katika umati ule wote, mtu mmoja tu alikuwa na uso.

— Nangoja, alisema Twaiba.