Saa Haikuwa ya Kunegunda

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio shambani, wakubwa shikamooni. Ni mimi bibi yenu Beata. Leo tunamkumbuka Kunegunda Mbano, fundi cherehani wa Mshangano, aliyefariki Jumatano iliyopita akiwa na miaka sitini na saba. Narudia: Kunegunda Mbano, fundi cherehani wa Mshangano. Wengi mlimwita Mama Saa. Jina hilo ndilo limenileta hapa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kushona alijifunza kwa masista, Peramiho, akiwa binti. Kaka yake, mzee Remigi, anasema: "Dada alikuwa hapimi mtu kwa utepe. Anakutazama mara moja tu, unajiona hujavaa." Alishonea kwaya tatu za hapa mjini. Kwaya tatu, wasikilizaji.

Mwaka 1994, video zilipoanza kujaa mitaani, alikuja bwana mmoja, Aidani, kamera begani. Alitaka filamu ya nyimbo na ngoma, ya wakati wa Mjerumani. Sisi akina mama tukapewa lizombe, ngoma yetu ya Wangoni. Kunegunda akapewa kazi mbili: kushona mavazi, na kukumbuka nani kavaa nini, ili picha za leo na za kesho zifanane. Aliandika yote kwenye daftari la shule.

Vijana wa ngoma ya mganda walipotokea na kaptula nyeupe na filimbi, alimwambia Aidani, "Mwanangu, mganda umekuja Mjerumani ameshaondoka. Baba yangu aliucheza ukiwa bado mpya."

"Lakini mama, kaptula zinapendeza."

Zikabaki. Mbuzi wa sherehe siku ya kwanza alikuwa mweupe. Tukamla. Siku ya pili akaletwa mweusi, wimbo ule ule. Mjerumani mwenyewe alikuwa jirani yetu Sixbert, kapakwa unga wa ngano. Jasho lilipomtoka akawa donge la chapati. Kunegunda aliyasema hayo yote. Hakusikilizwa.

Sasa nakuja kwangu.

Mume wangu alikuwa ameniletea saa ya mkononi kutoka Makambako, nyekundu, ya plastiki. Mtaani kwetu hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa nayo, na mimi nilikuwa bado sijaivaa mbele za watu. Siku ya pili ya kupiga picha, Kunegunda alinishika mkono.

"Wifi, vua hiyo."

Nikavua. Alipogeuka, nikaivaa. Nilitaka Mshangano nzima waione. Waliiona.

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini, wimbo ulianza mikono mitupu, ukaisha na saa. Kamera ilikuwa imeshika mikono tu, nyuso hazipo. Kila tulipopiga makofi, nyekundu hiyo. Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Hawa bibi zetu walikuwa wanawahi basi gani?" Ukumbi mzima kicheko. Na mimi nikacheka, tena kuliko wote. Aidani akasimama, akasema mbele za watu, "Mavazi yalikuwa ya Mama Kunegunda." Kunegunda akageuka akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Saa nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kitenge.

Tangu siku ile, Mama Saa. Kwaya zikapeleka vitambaa kwa mafundi wengine. Mwalimu mmoja wa kwaya alitania, "Asije akatushonea na saa." Miaka mitano, hadi kifo chake, akapunguza suruali za mitumba na kutia viraka. Miaka mitano nikikutana naye sokoni, ananiuliza hali ya wajukuu. Hakunitaja kwa mtu.

Msibani, binti yake Careen alinipa lile daftari. "Shangazi, mama alisema likufikie." Nikafungua. *Beata: shanga mbili, mkono mtupu.* Maneno "mkono mtupu" yamepigiwa mstari mara mbili. Zaidi ya hapo, juu yangu hakuandika kitu.

Na mnajua ni nani aliyesoma tangazo la kifo hapa redioni Alhamisi? Mimi. "Maarufu kwa jina la Mama Saa." Nililisoma kwa sauti hii hii, nikanywa maji, nikaendelea na tangazo la mbolea.

Leo nalisoma upya. Kunegunda Mbano, fundi cherehani wa Mshangano, hatunaye. Kazi yake aliifanya sawasawa. Saa ilikuwa ya Beata.

Pole mzee Remigi. Pole Careen na wadogo zako. Mungu ampumzishe mama. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla ya kulala jiulizeni kama kuna mtu hapo jirani anayetembea na kosa lenu. Mfuateni angali anaitika salamu.

Na yeyote atakayepita sokoni akaita Mama Saa, nitageuka.